Sa, Se, Si, So

Tlawi, Jumapili, 16 Mei 1982

Daftari hili limebaki kwenye darasa langu la kisomo cha watu wazima. Siwezi kuona karatasi nyeupe ikiliwa na vumbi, kwa hiyo nitaliandika mwenyewe. Nitaandika hali ya hewa na yaliyotokea. Maoni nitajitahidi kuyaacha.

Hali ya hewa: mvua imekata tangu Alhamisi. Ukungu mpaka saa nne asubuhi.

Yaliyotokea: mwanangu Patriki amekuja kutoka Basotu, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, anakoendesha kombaini. Amekuja na mke. Anaitwa Udageda, Mbarbaig wa upande wa Mogitu. Ng'ombe wa mahari walipelekwa kwao tangu mwaka jana, na mimi nimeletewa mtu tayari ana mimba ya miezi mitano na ushei.

Nilikuwa nimemchagulia Verediana, binti wa katekista. Hayo si maoni, ni habari. Parokia nzima inajua.

Patriki anataka mkewe akae kwangu mpaka ajifungue, kwa kuwa hospitali ya Mbulu iko karibu, na yeye mavuno yatambana Julai na Agosti. Kisha akasema jambo la pili huku anaangalia viatu vyake: "Mama, akipazoea hapa, nitajenga hapa. Akishindwa, nitahamia kwao." Nina mtoto mmoja tu. Baba yake, Sulle, alifariki mwaka wa sabini na saba. Nimemwelewa vizuri sana.

"Halafu mama, umfumie sweta. Baridi ya huku itamwua."

Nilimtazama huyo mkwe. Alikuwa anatetemeka kama ndama aliyenyeshewa. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba.

17 Mei

Patriki amerudi kazini. Ukungu.

Jumanne, 18 Mei

Kiiraqw hakijui, Kibarbaig mimi sikijui. Tumebaki na Kiswahili, ambacho mimi nilifundishwa na masista na yeye anakiokota njiani. Alasiri nimempeleka kisomo. Wanafunzi ni kumi na wanne. Mkubwa wao ni mzee Margwe, ambaye anajua kusoma tangu mwaka juzi lakini anakuja kwa ajili ya mazungumzo. Udageda ameshika ba, be, bi, bo, bu kwa siku moja. Sikutegemea.

21 Mei

Alinipikia chai. "Mama, tamu imekwisha."

Nikamwuliza tamu gani. Akaonyesha kopo.

"Sukari," nikasema. "Haya, sema sukari."

Akainama. "Ile tamu, mama."

Ni kweli imekwisha, na dukani haijaonekana tangu Pasaka. Lakini hata kitu ambacho hakipo kina jina lake.

Jumanne, 25 Mei

Niliandika ubaoni sa, se, si, so, su. Akasoma sa, se, si, so. Nikamwonyesha ya tano kwa fimbo. Akatazama dirishani. Labda ni macho.

26 Mei

Baridi. Sufuria anaiita chungu cha bati. Nimemsahihisha mara mbili.

29 Mei

Mara tatu.

2 Juni

Nimekwenda Mbulu mjini kutafuta uzi wa kufumia. Maduka yana viberiti na majembe. Mwuzaji mmoja alinicheka kabisa: "Sufu, mama? Labda mwakani." Nimerudi kwa miguu. Njiani nimekutana na jirani yangu Perpetua, akaniambia huyo Mmang'ati wako, ndivyo huku wanavyowaita Wabarbaig, mwache na shuka lake, wamezoea. Nikamwambia mjukuu wangu hajazoea kitu chochote bado. Nadhani nilikuwa mkali.

5 Juni

Baridi kali. Maji ya ng'ombe yalikuwa na ngozi ya barafu.

Nimefungua sanduku. Ndani mna sweta moja la Sulle, la bluu iliyoiva, limefungwa na majani ya tumbaku lisiliwe na wadudu. Nililifuma mwaka wa sitini na nne kwa sufu ya masista. Alipofariki niligawa koti lake, viatu na fimbo. Sweta sikuligawa. Hakuna anayemtaja Sulle siku hizi. Hata mimi nikiulizwa nasema marehemu, basi, mazungumzo yanaendelea.

Nimekata uzi wa shingo, nikavuta. Ulikuja wenyewe, mstari kwa mstari, kama ulikuwa unangoja.

7 Juni

Nimeuosha uzi na kuuning'iniza darini na jiwe chini yake ili unyooke. Nafumia spoku mbili za baiskeli ambazo Sulle mwenyewe alizinoa zamani. Vitanzi mia moja na kumi kwa mgongo, maana tumbo linakua.

Udageda akauliza ninafanya nini. "Sweta," nikasema, "lako." Akafurahi. "Nguo ya baridi!" akasema. Nikamwambia sweta. Akasema ndiyo mama, nguo ya baridi.

Jumapili, 13 Juni

Jioni kabla ya chakula tunasali rozari, mimi, yeye na Perpetua. Ni yeye aliyeomba kufundishwa, na Salamu Maria ameishika haraka. Lakini leo nimesikiliza vizuri. Anapofika kwenye jina la Yesu ananyamaza. Midomo inafunga, kichwa kinainama, kisha anaendelea na maneno yanayofuata.

Nikamwuliza kwa upole, nadhani ulikuwa upole, kwa nini.

"Mimi namwita Bwana, mama."

"Bwana ni cheo. Jina lake nani?"

Akashika shanga iliyofuata. Perpetua akanitazama, nikajua kabla ya Misa ya Jumapili ijayo parokia nzima itakuwa imesikia kwamba mkwe wa mwalimu Fransiska hawezi kumtaja Yesu, maana ana mambo yao ya huko porini.

Alhamisi, 17 Juni

Sentensi ya leo: Watoto wanakwenda shule. Udageda akasimama akasoma: "Watoto wanakwenda... kwenye vitabu."

Darasa likaangua kicheko. Mzee Margwe alifuta machozi. Nikamwambia asome lililoandikwa. Akarudia vilevile. Nikamwambia atakaa akilisema. Alisimama mpaka mwisho wa kipindi, mkono mmoja kiunoni. Najua ana mimba. Benchi lilikuwepo na neno lilikuwepo.

18 Juni

Mgongo umekwisha. Ukungu.

24 Juni

Kwa haki naandika: yule ng'ombe wangu anayepiga teke kila mtu, Udageda anamkamua huku anamwimbia, na hajaguswa hata mara moja. Tena kila siku ananichemshia maji ya miguu bila kuagizwa. Siku moja nilimwambia asiamke mapema hivyo, akasema yeye huamka jua likitoka. "Asubuhi," nikasema. "Jua likitoka," akasema.

Ni mkaidi, lakini ukaidi wake hauna kelele. Sijui niuweke wapi.

30 Juni

Kifua kimefika kwapani. Barua ya Patriki: mavuno yameanza, halala vizuri, je mke wangu amepazoea? Nimejibu kwamba ng'ombe amempenda.

6 Julai

Mikono. Upepo.

Jumapili, 11 Julai

Nimemaliza. Nimeunganisha mbavu kwa sindano ya gunia, nimekata nyuzi, nimelikung'uta. Kwa kusema kweli ni sweta zuri, bora kuliko lile la kwanza, kwa sababu mwaka wa sitini na nne mikono yangu ilikuwa na haraka.

Nikamwita. "Chukua, ni lako."

Alitabasamu mpaka meno yote yakaonekana, akanyoosha mikono miwili. Nami nikaona nimwambie thamani yake, asije akadhani ni kitu cha kuokota. "Hii ni sufu ya marehemu Sulle mwenyewe. Nimefumua sweta lake kwa ajili yako."

Mikono ikarudi. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akavuta shuka akaziba mdomo.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuvaa. Siwezi kushika."

"Kwani lina ugonjwa?"

"Hapana mama."

"Basi ni nini? Sema!"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Siwezi kusema."

Nimefundisha watu miaka kumi na minane na sijawahi kupandisha sauti kama leo. Nilimwambia ameingia nyumba ya Sulle, anakula mahindi ya Sulle, tumboni ana damu ya Sulle, na hajawahi hata siku moja kulitamka jina lake. Kila nilipotaja Sulle alijikunja kama ninampiga. Nikaliona hilo, nami nikaendelea kulitaja. Mwisho nikamwambia mtu asiyeweza kumtaja Yesu wala Sulle hana kazi nyumbani kwangu.

Akasema, "Ndiyo, mama." Sweta limebaki kwenye kigoda.

12 Julai

Ameondoka. Mzee Margwe amemwona akipanda lori la mahindi, kilomita tatu kutoka hapa, akiwa na shuka tu. Jikoni nimekuta maji yangu ya miguu yamefunikwa, bado ya moto.

13 Julai

Jua.

14 Julai

Jua. Ng'ombe amenipiga teke.

Alhamisi, 15 Julai

Kisomo. Mzee Margwe ameuliza yule wa kwenye vitabu yuko wapi. Nikasema amekwenda kwao kusalimia. Ni uongo, na nimeusema mbele ya ubao.

Jumapili, 18 Julai

Patriki amekuja. Alikuwa na vumbi la ngano mpaka masikioni, na hakuingia ndani. Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Nikamsogezea uji, hakuugusa.

"Amefika salama?" nikauliza.

"Amefika. Yuko kwa mama yake."

"Amesema nini juu yangu?"

"Amesema wewe ni mama mzuri, ila yeye hana mdomo."

"Mdomo anao. Ni kichwa kigumu."

Patriki akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mama, mimi sijui mambo yao yote. Kwao kuna maneno mwanamke akishaolewa hayasemi. Ni heshima, ni mambo ya wanawake, hata mimi hanielezi. Na wewe humwachi apumue, kila neno unamsahihisha."

"Upuuzi," nikasema.

Akaingia, akachukua sanduku lake la bati lililokuwa chini ya kitanda tangu akiwa darasa la sita. "Mavuno yakiisha nitajenga kule," akasema. Akanishika mkono kwa heshima, akaenda. Nimemtazama mpaka kwenye kona. Nimeogopa. Sikuogopa hivi hata siku tulipomzika baba yake, kwa sababu siku ile Patriki alikuwa amesimama karibu yangu.

20 Julai

Sikufundisha. Nimesema naumwa.

Jumamosi, 24 Julai

Nimelichukua daftari hili na kalamu nyekundu nikae nilisahihishe, maana ndiyo kazi ninayoijua. Nilitaka kuona nilikosea wapi, na kama kweli nilikosea.

Kila mahali Udageda alipokosea Kiswahili nimepiga mstari. Kisha nikafanya kama ninavyowafanyia wanafunzi, nikayaandika pembeni yale maneno ambayo angepaswa kuyasema, moja chini ya lingine:

sukari
su
sufuria
sweta
Yesu
shule
asubuhi

Nikayasoma kwa sauti, peke yangu, jua likiwa mlangoni. Sweta, ambalo huku Tlawi sote tunalitamka suweta. Shule, ambayo mzee Margwe mpaka leo anaitamka sule. Nikafika mwisho, nikasikia mdomo wangu unataka kuendelea. Nikaandika neno la nane.

Sulle.

Ee Mungu wangu. Nikakumbuka alivyojikunja. Nilikuwa nampiga kwelikweli, na mwenyewe nilikuwa sijui fimbo ni nini.

Tangu Mei msichana huyu hajatia kitu kwenye chai, hajapika, hajasali, hajaamka bila kumkwepa Sulle, baba mkwe wake, kwa heshima. Mtu ambaye hakumwona hata siku moja. Sisi wengine tuliomjua tumeacha kumtaja kwa sababu tumesahau kumtaja, na mimi mke wake ni wa kwanza. Kwa miaka mitano hakuna aliyemfikiria Sulle mara nyingi hivyo kwa siku, katika nyumba yake mwenyewe. Nami nikamfukuza.

Nimelia. Naandika tu kwamba nimelia, kama ninavyoandika mvua.

25 Julai

Baada ya Misa nimeifumua ile nguo ya baridi, yote, tangu shingoni. Uzi haukunyooka hata kwa jiwe. Haidhuru.

26 Julai hadi 4 Agosti

Nafuma. Vitanzi arobaini tu.

Jumamosi, 7 Agosti

Naandika nikiwa Mogitu, kwa wakwe.

Nimekuja na lori mpaka Katesh, kisha kwa miguu. Huku chini mlima Hanang uko mbele yako kila unakogeuka, na joto lake ni jingine kabisa. Tulipopita upande wa mashamba, ngano ilikuwa imekwisha kukatwa, mabua matupu mpaka macho yanachoka. Dereva alinionyesha mahali ambapo zamani wafugaji walinywesha ng'ombe. Sasa wanazunguka.

Nilifika kwao kabla ya saa sita. Mama yake alinikaribisha vizuri, ingawa bila kucheka, na hapo ni haki yake. Shangazi zake wawili walikuwa wamekaa wanatengeneza ngozi. Udageda alitoka na tumbo limeshuka, akapiga shikamoo, akaniletea chai ya maziwa kwa mikono miwili bila kunitazama.

Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Mimi ni mwalimu, hotuba ninazo. Lakini nilipoionja ile chai hotuba ikapotea, nikasema:

"Binti yangu, chai ni nzuri. Ila imekosa tamu."

Akanyanyua uso. Shangazi mmoja akaacha kukwangua ngozi.

"Tamu ipo, mama," akasema polepole. "Kidogo."

"Niletee basi. Imo kwenye chungu cha bati?"

Akaziba mdomo kwa shuka, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Akaenda, akarudi na kopo, akakaa chini karibu na miguu yangu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje, mama? Kukuambia ni kulitaja."

"Na Bwana je? Naye?"

"Kwetu ni jina lenyewe, na maneno yanayolikaribia. Lugha yetu najua mpaka wake uko wapi. Kiswahili sijui. Nikaogopa nisije nikavuka, nikayaacha yote." Akafunika kopo. "Bwana nilimwomba anisamehe. Nikamwambia yeye anajua ni nani ninayemwita."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia nimekosa. Nimelisema kwa Kiswahili sanifu, neno kwa neno, mbele ya mama yake na shangazi zake, kwamba nimekosa na ninaomba radhi.

Kisha nikatoa ile nguo ya baridi ya mtoto niliyoifuma, ndogo kama kiganja na nusu, ya bluu. Nikaiweka magotini pangu, sikumpa. Nikamwuliza mama yake kama mtoto atakayezaliwa naye ana mwiko.

"Mjukuu?" mama akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mjukuu anampanda babu yake mgongoni. Anamvuta ndevu. Mjukuu hana mwiko."

"Na mama yake akimbeba mtoto akiwa ameivaa?"

Udageda akajibu mwenyewe. "Akishavaa ni ya mtoto. Kabla hajavaa, si ya mkono wangu. Siwezi kuianua, siwezi kumvalisha."

"Basi utahitaji mtu wa kumvalisha."

"Nitahitaji, mama."

"Tena kila siku."

"Kila siku, mama. Jua likitoka."

Jumatatu, 9 Agosti

Tumerudi Tlawi pamoja. Amevaa nguo yangu ya baridi, ile ya kijani. Ya mama mkwe haina mwiko, nimeuliza kabla ya kuvua. Upepo.

27 Agosti

Msichana. Hospitali ya Mbulu, saa nane mchana. Wote wazima. Mvua ndogo isiyo na msimu.

5 Septemba

Amebatizwa Genoveva. Padre alisoma majina yote matatu, la mtoto, la baba na la babu, na mama yake akainamisha kichwa kwenye la tatu. Perpetua akanigusa kiwiko, eti umeona? Nikamwambia nimeona, na yeye angejifunza.

12 Septemba

Mavuno yamekwisha. Patriki ametoka Basotu na lile sanduku la bati. Amepigilia vigingi vinne vya nyumba nyuma ya zizi. Nimemwambia mlango utazame huku.

Jumanne, 14 Septemba

Baridi imepungua. Jua likitoka Udageda ananiletea mtoto akiwa kwenye shuka, mimi namvalisha, yeye anamchukua. Siku nyingine tunazungumza, siku nyingine tunafanya tu.

Kisomo alasiri. Kuna wanafunzi wapya watatu, kwa hiyo nimeanza tena mwanzo. Udageda alikaa benchi la mbele, mtoto mgongoni, mikono miwili midogo ya bluu imetoka nje ya shuka. Nikaandika ubaoni: sa, se, si, so.

Mzee Margwe akanyoosha kidole. "Mwalimu, umesahau ile ya mwisho."

"Sijasahau, mzee. Soma zilizopo."

Wakasoma, na yeye akasoma nao, kwa sauti kuliko wote.